Dawa Iliyofichwa Kwenye Mlenda

Siku yangu ya kwanza kazini, katika hospitali ya magonjwa ya akili, ilianza kwa kupekuliwa. Kabla sijaonyeshwa kitanda hata kimoja, Muuguzi Mfawidhi wa wodi ya wanaume, mama mnene mwenye sauti ya chini, aliniamuru nitoe kila kilichokuwa mifukoni mwa sare yangu mpya. Nilitoa kalamu, kitambaa, pini ya nywele na ufunguo wa chumba nilichopanga Majengo. Alivipanga mezani akavikagua kimoja kimoja kama askari wa forodha.

"Pini hii ya nini?"

"Ya nywele, Sista."

"Ukishapita mlango ule, si ya nywele tena. Iache."

Kalamu aliniruhusu, kwa sharti kwamba niishike mkononi muda wote. Kisha akanipeleka kwenye ugawaji wa dawa za asubuhi, na hapo nikapata somo ambalo lilinifuata mpaka siku niliyovua sare. Mgonjwa alimeza kidonge, akanywa maji, akasema ahsante. Muuguzi Mfawidhi alimjibu kwa heshima zote, kisha akamwambia afungue mdomo, ainue ulimi, avute shavu la kulia, avute na la kushoto. Kidonge kilikuwa kimejibanza nyuma ya gego.

"Akikuambia amemeza, mshukuru," aliniambia tukielekea kitanda kilichofuata. "Ukishamshukuru, angalia."

"Na akiwa mzee, Sista? Wa rika la baba yangu?"

"Mwamkie shikamoo kwanza. Kisha angalia chini ya ulimi."

Ninyi mnaoingia katika kazi hii leo mtaliona hilo kuwa ukatili. Mimi naliita nidhamu, ingawa nidhamu hiyo ilikuwa na upungufu ambao sikuufahamu mpaka miaka mingi baadaye, na ndio hasa ninaotaka kuueleza. Tulifunzwa kumshuku mgonjwa. Tulifunzwa pia, kwa kiasi, kuwashuku ndugu zake. Hakuna aliyetufunza kujishuku sisi wenyewe.

Nilizaliwa Busi, katika wilaya ya Kondoa, kwenye nyumba ya mkulima aliyejua kusoma Kurani na kulima ulezi. Kwetu, kijana akianza kuongea na asiyeonekana, alipelekwa kwa maalimu. Maalimu aliandika aya kwenye sahani kwa wino wa zafarani, akaziosha kwa maji, na mgonjwa akayanywa maji yale, ndilo kombe. Sidhihaki kombe, wala sijawahi kumzuia mtu kulinywa. Nilipohamia Dodoma nikafanya kazi katikati ya Wagogo, nikakuta kwamba wao hukesha kanisani wakimwombea mgonjwa, na wengine humpeleka kwa mganga wa jadi. Njia zilitofautiana, lakini swali la kwanza lilikuwa moja katika nyumba zote: nani kamfanyia? Ugonjwa unaoanza kwa kumfanya mtu awashuku watu wake unaingia katika nyumba ambayo tayari imeanza kushukiana. Shemeji anamtazama wifi, jirani anamtazama jirani, na wakati huo huo mgonjwa anazidi kupotea.

Ugonjwa wenyewe unaitwa skizofrenia. Mara nyingi huanza ujanani, na huanza kimya kimya. Kijana anaacha kuoga, anaacha kuitikia salamu, anahamia chumba cha nyuma, anashindwa kazi aliyoimudu jana. Watu husema amevuta bangi, au amekuwa na kiburi. Baadaye huja sauti ambazo wengine hawazisikii, zinazomtaja kwa jina, zinazomwamuru au kumkejeli. Huja pia ile tunayoiita imani potofu, yaani jambo ambalo mtu ameliamini kwa uthabiti usioyumbishwa na ushahidi wowote, na ambalo hata watu wa dini yake na kabila lake hawaliamini. Maneno yake hupoteza mfuatano. Uso hupoa, kama taa iliyopunguzwa utambi.

Hakuna kipimo cha damu kinachoonyesha skizofrenia, na yeyote atakayewauzia kipimo hicho ni tapeli. Damu tulipima ili kuondoa washukiwa wengine: malaria iliyopanda kichwani, kaswende ya siku nyingi, maambukizi ya virusi vya ukimwi, matatizo ya tezi. Tuliuliza kuhusu kifafa, pombe na bangi. Tuliuliza kama kulikuwa na vipindi vya huzuni kuu au furaha iliyopita kiasi, maana hayo ni magonjwa mengine yenye dawa nyingine. Kisha tulingoja. Dalili za wiki moja hazitoshi kumpa mtu jina atakalozikwa nalo. Lazima zidumu mwezi mzima au zaidi. Daktari Bingwa niliyemtumikia katika wodi ya mapokezi, mtu mkavu asiyependa mazungumzo ya bure, alikuwa na swali moja alilotuuliza kila tulipompelekea taarifa.

"Msiniambie mgonjwa anaamini nini tu. Niambieni amejuaje."

Mfanyabiashara mmoja wa nafaka aliletwa akidai kwamba anaibiwa mtama. Wauguzi wenzangu wakaandika imani potofu. Daktari Bingwa akamuuliza amejuaje, naye akajibu kwamba mbwa wa jirani amebweka akitazama kaskazini. Hapo daktari akaitikia kwa kichwa, akaandika. Alitueleza baadaye kwamba huenda mtama ule uliibiwa kweli. Ugonjwa ulikuwa katika njia ambayo yule bwana aliipita kufikia jambo hilo.

Ndugu nao nilijifunza kuwasikiliza kwa sikio moja. Tangu Serikali ihamie Dodoma na viwanja vya pembezoni kupanda thamani, niliona zaidi ya mara moja mtu mwenye akili timamu akiletwa na ndugu zake waliovaa vizuri, wenye haraka, waliotaka karatasi inayosema kwamba kaka yao hafai kusimamia mali. Kwa hiyo nikajiwekea utaratibu wa kuzungumza na mgonjwa kwanza, peke yake, mlango ukiwa wazi. Ndugu wenye nia njema hawakukasirika. Wengine walikasirika sana, nami nikaangalia ni nani aliyekasirika zaidi.

Kutoka hospitalini nilihamishiwa kituo cha afya kilichoko magharibi ya mji, upande wa kwenda Zuzu, ili nisimamie kliniki ya afya ya akili. Mkuu wangu huko alikuwa Mganga Mfawidhi, tabibu mwepesi wa mikono na mwepesi wa mzaha, ambaye wananchi walimpenda kwa sababu hakuwahi kumrudisha mtu bila kumwona. Miongoni mwa wagonjwa ambao niliupokea ufuatiliaji wao kulikuwa na kijana nitakayemwita Ezekia, kwa kuwa jina lake halisi ni mali yake. Alikuwa amemaliza sekondari na alifanya vibarua katika mashamba ya zabibu. Hospitali ilikuwa imekwisha kumtambua kuwa na skizofrenia, na kwa maoni yangu ilikuwa sahihi. Alipewa vidonge vya haloperidoli, dawa inayozipunguza sauti na kuzilegeza imani potofu, akarudishwa kwa mama yake, mjane ambaye hakuwa na mtoto mwingine.

Kila mwezi mama huyo alikuja mwenyewe kuchukua vidonge.

"Anameza vizuri, Mama Ezekia?"

"Anameza vizuri, Sista."

"Mbona haji mwenyewe?"

"Yuko shambani."

Sikupenda majibu yale. Yalikuwa mafupi mno na hayakubadilika. Nilimwagiza mara kadhaa amlete kijana, naye akaitikia, na mwezi uliofuata akaja peke yake.

Hatimaye Ezekia alikuja bila kuletwa na mtu. Alitembea kwa miguu kutoka kijijini mchana wa jua kali, amebeba bakuli la plastiki lililofunikwa kwa kipande cha khanga. Alikuwa amekonda hata mifupa ya mabega ikaonekana kupitia shati. Alipita katikati ya watu waliokaa kwenye mabenchi, akasimama mbele ya meza yangu.

"Shikamoo, Sista."

"Marahaba, Ezekia. Mama hajambo?"

"Mama mzima. Anayekufa ni mimi." Akaliweka bakuli mezani. "Hapa mna maabara. Pimeni huu mlenda. Mama ananilisha sumu."

Mganga Mfawidhi alikuwa mlangoni pa chumba chake. "Maabara yetu inapima malaria na mkojo, kijana wangu," alisema. "Mlenda bado hatujapata kibali."

Watu wakacheka. Mama mmoja akasema afadhali Ezekia angeleta na ugali wake, kwa kuwa mchana umefika. Ezekia hakugeuka kuwatazama. Mganga Mfawidhi alinivuta pembeni, akaniambia kwa sauti ya chini, "Imani potofu ya kulishwa sumu. Hiyo iko katika kila kitabu. Andika, na kidonge cha jioni kiongezwe."

Sikuandika. Nilikuwa nikimtazama Ezekia jinsi alivyosimama. Shingo yake ilikuwa imevutwa upande, kana kwamba kuna mtu aliyemshika sikio. Mikono ilitetemeka, na alipotembea haikupunga, ilining'inia tu. Mate yalimkusanyika kwenye pembe ya mdomo. Kukakamaa kwa namna ile ni alama ya haloperidoli mwilini, tena haloperidoli isiyosimamiwa na mtu anayeijua. Nilimpeleka chumba cha sindano, nikamketisha, nikaacha mlango wazi.

"Vidonge unameza?"

"Sijameza tangu kiangazi. Navitema. Mama anajua."

Mmoja kati ya mama na mwana alikuwa ananidanganya, na ile shingo haikuwa inasema uongo. Nikamuuliza swali la Daktari Bingwa.

"Kwamba unalishwa sumu, umejuaje?"

"Kwa mambo mawili." Alikuwa mtulivu, kama mtu aliyejiandaa kwa ajili ya baraza la kata. "La kwanza, mama ananipakulia bakuli la peke yangu. Tangu nizaliwe tunakula pamoja, mimi na yeye, mlenda mmoja. Sasa nikimwambia tule, anasema ameshiba. Mama yangu hajawahi kushiba kabla yangu."

"Na la pili?"

"Nyaya za treni ya umeme zinazopita kijijini kwetu zimeniambia. Zinanitaja jina. Zinasema, Ezekia, usile."

"Kwa hiyo unakula nini?"

"Mlenda nilikuwa nauonja tu, tangu juzi nimeuacha kabisa. Ubuyu. Karanga ninazochimba mwenyewe. Zabibu, mwenye shamba akiniruhusu." Akafuta mate kwa kiganja. "Nikipata treni ya mizigo naondoka, Sista. Mtoto hakai na anayemuua."

Nilielewa kwamba yalikuwepo maelezo mawili ndani ya mtu mmoja. Nyaya zilikuwa ugonjwa. Lakini lile la bakuli lilikuwa uchunguzi wa mtu mwenye macho, na yeyote anayezijua nyumba za Wagogo anafahamu kwamba kumtengea mtu bakuli lake, wakati chakula kipo na wote wapo, si jambo dogo. Nilimpa dawa ya kulegeza shingo, nikamfungulia pakiti mbele yake. Aliitazama kwa muda mrefu kabla ya kuimeza.

Kesho yake nilipanda bodaboda hadi kwao nikijua kwamba yeye atakuwa shambani. Mama Ezekia alikuwa uani anapepeta uwele. Alinikaribisha kwa Kigogo, "Mbukwenyi," nikamwitikia, akanipa kigoda. Sikuzunguka.

"Mwanao alituletea mlenda jana."

Ungo ukasimama. "Akasemaje?"

"Alisema una sumu."

"Nawe umeonaje?"

"Nimeiona shingo yake, Mama Ezekia."

Aliuweka ungo chini. Alichukua muda mrefu kuokota punje zilizokuwa zimedondoka, ingawa kuku walikuwa pale na wangeziokota wao.

"Navitwanga pamoja na karanga," alisema. "Mlenda unateleza, haukai mdomoni. Kwenye maharage alivitambua, akamwaga."

"Nani alikufundisha?"

"Daktari wenu. Alisema kijana hapaswi kujua." Akanitazama kwa mshangao wa kweli. "Mimi nilidhani nawe unajua, Sista. Si kila mwezi unaniuliza anameza vizuri? Nami nakujibu anameza vizuri. Kwani hamezi?"

Nimesoma vitabu vingi vya maadili ya kazi yetu, vya kwetu na vya kigeni, na sikupata katika hata kimoja jibu la kumpa mwanamke yule. Hakuwa amedanganya. Alikuwa ametii. Kilichoniudhi ni kwamba mtu aliyemwagiza ndiye yule yule aliyesimama mlangoni akacheka, kisha akataka niandike imani potofu, akijua fika kilichomo ndani ya bakuli.

Nilimkuta ofisini kwake.

"Funga mlango," alisema aliponiona.

"Ulijua. Na bado ukaniambia niandike."

"Ni imani potofu. Mama yake hampi sumu. Anampa dawa."

"Yeye atajuaje kwamba ni dawa, kama hakuna aliyemwambia?"

Hakuinua sauti. "Sista, kijana yule waliwahi kumtoa amelala juu ya reli. Mama yake alipiga magoti hapo ulipokaa wewe. Vidonge anatema, hospitali hataki kurudi. Ulitaka nimwambie nini? Kwamba maadili hayaruhusu, aende akamzike?"

Swali lilikuwa la haki. Aliendelea.

"Na ukimwambia leo kwamba kweli kulikuwa na kitu kwenye mlenda, unafanya nini? Nyaya zilimwambia asile. Wewe unakwenda kuzigongea muhuri. Hataziacha tena maisha yake yote."

"Ameacha kula," nikasema. "Anaishi kwa ubuyu na karanga mbichi. Dawa unayoificha haimfikii tena. Umebaki na uongo bila dawa, na yeye anatafuta treni ya mizigo."

Alizungusha kalamu mezani, akaizungusha tena. Nilitarajia anifukuze. Badala yake akasema, "Basi aseme mama yake. Asiambiwe na wewe. Na mimi nitakuwepo."

Tulikwenda Jumapili baada ya ibada. Ezekia alikaa juu ya kinu kilichopinduliwa, mbali kidogo nasi, akiwa amejiandaa kuondoka. Mama yake alibaki amesimama. Nilikuwa nimemwambia asipambe maneno, naye hakuyapamba.

"Mwanangu, nilikuwa nakutilia vidonge kwenye mlenda. Vile vya hospitali. Navitwanga na karanga."

"Tangu lini?"

"Tangu mavuno."

Nilikuwa nimejiandaa kwa ghadhabu. Sikuiona. Uso wake, uliokuwa umekaza kwa miezi, ulilegea. Alionekana kama mtu aliyeteremshiwa gunia mgongoni. "Nilijua," alisema. Kisha akainua kidole kuelekea relini. "Na nyaya ziliniambia."

"La bakuli ulisema kweli," mama yake akamjibu. "La nyaya mimi silijui. Siwezi kukudanganya mara mbili."

Mganga Mfawidhi akasogea. "Mimi ndiye niliyemwagiza."

Ezekia alimtazama kwa mara ya kwanza. "Wewe ulinicheka."

"Nilikucheka."

"Mbele ya watu."

"Mbele ya watu."

Kuku walipita katikati yetu. Baadaye nikamweleza Ezekia kwamba ugonjwa anao, na kwamba ni kweli pia alifichwa. Mambo hayo mawili hayafutani. Nikamweleza kwamba ipo sindano ya flufenazini, dawa ya kundi lile lile, inayochomwa mara moja kwa mwezi na kuachia nguvu yake taratibu, ambayo hakuna anayeweza kuitwanga na karanga. Alitaka kujua inatoka wapi, inakaa katika chombo gani, nani anaishika kabla yangu. Nilijibu kila swali. Mwisho akasema atakuja, kwa sharti kwamba kichupa cha kioo chenye dawa akione kikiwa kizima, akisome jina, na kivunjwe shingo macho yake yakiwa hapo hapo.

Akaja. Mara ya kwanza alikishika kichupa kile, akakiinua kwenye mwanga wa dirisha, akasoma herufi moja baada ya nyingine, akakigeuza, akasoma tena tarehe ya mwisho wa matumizi. Watu waliokuwa wakingoja wakachoka. "Sista, huyo ni mgonjwa au mkaguzi?" mzee mmoja akauliza. Nilimwambia kwamba ni vyote viwili. Dozi ilipunguzwa na Mganga Mfawidhi kwa mkono wake mwenyewe, na dawa ya kulegeza mwili Ezekia akawa anafungua pakiti yake nyumbani. Shingo ilinyooka. Mikono ilirudi kupunga. Baada ya misimu miwili ya zabibu alikuwa anasimamia vibarua wenzake, na nilipomuuliza kuhusu nyaya alijibu, "Zinanong'ona. Siku hizi siziitikii."

Msidhani nasimulia ushindi. Mganga Mfawidhi alikuwa ameona sawasawa kuhusu jambo moja, na kulificha kutakuwa ni kuwafundisha uongo. Kila Ezekia alipoelemewa, kila alipokosa sindano kwa sababu dawa haikufika kituoni, hoja yake ilikuwa ile ile: nyaya ziliwahi kusema kweli. Hatukuweza kamwe kuibomoa hoja hiyo, maana sisi ndio tuliompa matofali. Wala hakurudi kula chakula cha mama yake. Alijenga mafiga yake upande wa pili wa ua, akawa anajipikia. "Umenirudishia mwanangu, Sista," mama aliniambia siku moja, "lakini cha mkono wangu hali." Sikuwa na dawa ya hilo. Miaka ilipita, mama akaugua malaria kali, na Ezekia akampikia uji na mlenda, akampelekea kitandani. Mama alikula bila kuuliza kilichomo. Ezekia aliponisimulia, alisema kwa sauti ya mtu anayetoa ushahidi mahakamani, akataka nielewe kwamba mama yake hakuuliza.

Sasa nimestaafu, kwa hiari yangu, kabla ya umri wa lazima. Ninasoma, ninalima bustani ndogo, na ninafuatilia mambo yenu zaidi ya mnavyodhani. Naona kwenye simu matangazo ya unga wa kumtuliza mgonjwa mkaidi, usio na harufu wala ladha, unaletwa hadi mlangoni. Naona maduka ya dawa yanayomwuzia mteja haloperidoli kama anavyouziwa dawa ya kichwa. Naona vijana wenye shahada wanaoutaja ugonjwa wa mtu kabla hajakaa kwenye kiti. Nawashuku wote hao, na sitaomba radhi. Lakini nataka kuwaachia shaka iliyo bora zaidi ya ile niliyorithi wodini. Mtazameni mgonjwa chini ya ulimi, ndiyo. Halafu mjiulize yeye ana sababu gani ya kuwaamini ninyi, na kama sababu hiyo anaweza kuiona kwa macho yake. Mtu ambaye ugonjwa umemfanya aogope kufichwa, msimfiche. Mkilazimika kumzuia ili asijidhuru, sheria ipo na utaratibu upo. Mzuieni hadharani, mwambieni mnafanya nini na kwa nini, hata akiwatukana. Matusi yatapita. Nimetukanwa na watu ambao leo wananiamkia sokoni.

Siku yangu ya mwisho nilimkabidhi kliniki muuguzi msichana, hodari, aliyetoka chuoni na alama nzuri. Ili kuokoa muda alikuwa amekwisha kuzivuta dawa kwenye mabomba ya sindano na kuyapanga kwenye trei, kila moja na jina la mgonjwa wake. Ezekia akaingia, akamsalimia kwa adabu, akaitazama trei. Kisha akaketi kwenye kiti cha wageni, mikono magotini.

"Hiyo sikuiona ikitoka," alisema.

Muuguzi akanigeukia. "Mama, huyu haniamini?"

"Hakuamini. Imwage. Chukua kichupa kingine umpe mkononi."

"Dawa ni chache, Mama."

"Najua ni chache."

Aliimwaga, midomo ikiwa imekazwa. Akafungua kabati, akatoa kichupa, akamkabidhi. Ezekia alikiinua kwenye mwanga wa dirisha, akasoma jina kwa sauti, polepole, mpaka herufi ya mwisho. Kisha akamrudishia.

"Vunja," akamwambia, akatangulia nyuma ya pazia.